Kompyuta ikidhulumu, nani anabeba dhamana?

SIKU ya pili ya Idi alinitembelea kijana mmoja niliyemfundisha sekondari, ambaye hivi sasa anachukua stashahada ya kompyuta katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam. Baada ya kula pilau na kuulizana habari za nyumbani, nikataka kujua masomo yanakwendaje. Akacheka kwa aibu, akasema: "Ustadh, nimepata sapu. Tena si kwenye programu wala si kwenye hesabu. Nimepata sapu kwenye lile somo la teknolojia ya habari na athari zake kwa jamii."

Nikamuuliza imekuwaje akaanguka kwenye somo ambalo halina hata hesabu moja. Akajibu bila kusita: "Lile si somo, Ustadh, ni la kujazia ratiba. Mimi nimekwenda chuo kujifunza kompyuta, sikwenda kujifunza falsafa. Mhunzi akifua kisu haulizwi kitamchinja nani."

Ndugu msomaji, nilitaka kumjibu papo hapo kwa aya na hadithi, kama ilivyo desturi yetu walimu wa dini. Nikashindwa. Hoja ninazo, lakini maneno yake yalikuwa ni maneno yangu mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nikisomea ualimu, nasi tulipewa kozi kama hiyo. Mhadhiri wetu alikuwa mzee mpole, mwenye kuuliza maswali mengi kuliko majibu aliyoyatoa. Tukamwona anatupotezea muda. Tukatafuta desa la mwaka uliotangulia, tukakariri, tukafanya mtihani, tukapasi, tukasahau. Miaka michache baadaye somo lile lilinirudia, safari hii kwa sura ya mtoto wa kike wa miaka kumi na sita.

Makala haya ndiyo jibu ambalo sikuweza kumpa kijana yule siku ile ya Idi.

Maksi zilizohama

Katika shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo, mjini Tanga, mimi ndiye niliyeonekana kuijua kompyuta kuliko walimu wenzangu. Kwa hiyo, mbali na vipindi vyangu vya Elimu ya Dini ya Kiislamu, nilipewa kazi ya kuingiza matokeo ya mitihani ya muhula. Walimu wa masomo waliniletea maksi kwenye karatasi, mimi nikaziingiza kwenye Excel, mashine ikajumlisha, ikatoa wastani na kupanga nafasi. Kazi iliyokuwa ikichukua wiki nzima ikawa ya jioni mbili. Nilisifiwa sana, na sitaficha kwamba sifa zile zilinipendeza.

Muhula mmoja walihamia wanafunzi wawili kidato cha tatu baada ya orodha kukamilika. Nikawachomeka kwenye safu ya majina mahali pao kwa mujibu wa alfabeti. Nilichokisahau ni kwamba safu za masomo mawili nilizibandika kutoka faili jingine, zenyewe hazikusogea. Kuanzia herufi R kwenda chini, majina yakashuka na maksi za masomo yale zikabaki pale pale. Wanafunzi kumi na mmoja wakapewa maksi zisizokuwa zao.

Hebu tazama tabia ya sisi wanadamu. Walioongezewa maksi walinyamaza. Waliopunguziwa wakadhani wamefeli kweli, wakainamisha vichwa. Mmoja tu ndiye aliyenifuata ofisini. Nitamwita Zuhura, ingawa si jina lake. Akasema kwa adabu: "Ustadh, haya si maksi zangu. Mwalimu wa baiolojia alinionesha karatasi yangu." Karatasi yenyewe hakuwa nayo, ilikwisharudi kwa mwalimu ambaye siku hiyo alikuwa safarini.

Nilifungua mashine, nikatazama kwenye kioo, nikaona namba ile ile iliyoko kwenye karatasi iliyochapwa. Nikamwambia: "Mwanangu, kompyuta haikosei. Kasome."

Binti yule alikuwa akilipiwa ada na mfadhili aliyeweka sharti la wastani. Wastani wake ulishuka chini ya sharti, ada ikasimama. Mama yake ni mama lishe, hakuweza kulipa. Zuhura akakaa nyumbani muhula mzima. Kosa liligundulika pale mwalimu wa baiolojia alipolinganisha daftari lake na orodha yangu kwa ajili ya jambo jingine kabisa.

Nilikwenda nyumbani kwao Makorora kuomba radhi. Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo sijapata jibu lake: "Mwalimu, mimi sikusoma. Nilipoona karatasi imepigwa chapa nikajua ni kweli. Mtoto alinilia akaniapia, nikamwona mwongo. Nikampiga. Sasa ile fimbo nani ataiondoa?"

Dhambi na dhamana

Ndugu msomaji, swali la mama yule ni swali la kifiqhi kabla hata ya kuwa swali la kompyuta. Mimi sikukusudia kumdhulumu mtoto. Tumefundishwa kwamba Allah (s.w.) hamwadhibu mja wake kwa kosa la kughafilika, na kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Wengi wetu tukifika hapo tunapumua, tunadhani mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Wanazuoni wetu wametenganisha mambo mawili ambayo sisi hupenda kuyachanganya. Moja ni dhambi, ambayo inaangalia moyo. La pili ni dhamana, yaani wajibu wa kufidia ulichokiharibu, ambayo inaangalia athari. Mtu akijigeuza usingizini akavunja chombo cha mwenzake, hana dhambi, lakini chombo atalipa. Haki ya mja haifutwi na usingizi wa mja mwingine.

Tena ipo hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, ambayo maana yake ni kuwa mwenye kujitia utabibu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mwenye kudhamini. Tafakari jambo hilo. Tabibu anayejua kazi yake, akafuata kanuni zake, kisha mgonjwa akadhurika, huyo hadaiwi. Anayedaiwa ni yule aliyeshika mwili wa mtu bila ya kujua atakachoufanya. Kwa maneno mengine, kujua madhara ya dawa ni sehemu ya kujua dawa. Anayejua kuchanganya tu bila kujua itamfanya nini mnywaji hawezi kuitwa nusu tabibu. Si tabibu.

Mimi nilijua kuandika kwenye safu na kujumlisha. Sikujua, na sikutaka kujua, kwamba namba ile ikishatoka kwenye mashine itakwenda kusimama mbele ya mfadhili na mbele ya mama kama shahidi asiyepingwa. Hilo ndilo lililokuwa somo la yule mzee mpole, na ndilo nililolikariri na kulisahau.

Aina tatu za mashine

Huenda msomaji akasema kwamba hilo ni kosa la mwalimu mmoja mzembe, haifai kulifanya kanuni. Basi tuangalie mambo makubwa zaidi, yaliyofanywa na wasomi wakubwa zaidi.

Kuna mashine inayokosea. Huko Uingereza, shirika la posta lilianza mwaka 1999 kuwafungia mawakala wake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonesha upungufu wa fedha ambazo hazikupotea. Wakala akipiga simu kulalamika, aliambiwa kuwa ni yeye peke yake mwenye tatizo hilo. Wakati huo huo, sheria ya ushahidi ya nchi ile ilikuwa ikichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe kinyume. Sasa wakala wa kijijini atathibitishaje kinyume, hali mashine si yake na undani wake haruhusiwi kuuona?

Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na hesabu za uongo. Mwaka 2010 mama mmoja alipelekwa jela akiwa mjamzito. Ilipofika Desemba 2019 ndipo Mahakama Kuu, katika shauri la walalamikaji 555 wakiongozwa na Alan Bates, ilipotamka kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ikafuta hukumu 39, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta kwa jumla. Ripoti ya tume ya uchunguzi iliyotoka Julai 2025 ilieleza kuwa huenda watu wasiopungua 13 walijitoa uhai kwa sababu ya mkasa huo. Hao nao nani atawarudisha?

Kuna mashine iliyo sahihi, lakini hukumu ikawa ya dhulma. Tusiende mbali, tuvuke mpaka tuingie Kenya. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991 kupokea wakimbizi waliotoka Somalia. Miaka ya ukame, familia za Wakenya wenye asili ya Kisomali wanaoishi jirani na kambi hizo, huko Garissa na kwingineko kaskazini mashariki, zilijiandikisha kambini kama wakimbizi ili zipate chakula na matibabu. Watoto wadogo nao wakaandikishwa, wakachukuliwa alama za vidole. Watoto wakakua. Walipofikisha miaka kumi na minane wakaenda kuomba kitambulisho cha taifa, vidole vikawekwa kwenye mashine, na mashine ikasema: huyu ni mkimbizi.

Mashine haikusema uongo. Vidole ni vile vile. Lakini ilichokuwa ikikijua ni kidole tu, haikuijua njaa. Haikujua kwamba mtoto wa miaka mitano hachagui aandikwe wapi. Waathirika hao, ambao idadi yao inatajwa kufikia 40,000, wakawa katika nchi ya baba na babu zao hawana kitambulisho. Na asiyekuwa na kitambulisho hasajili laini ya simu, hafungui akaunti benki, hapigi kura, na kila kizuizi cha polisi barabarani kwake ni mtihani. Aliyetengeneza programu ya kulinganisha vidole alifanya kazi yake vizuri kabisa, na bila shaka chuoni alipata alama ya juu.

Kuna aina ya tatu, nayo ni mashine inayotii. Hii tunayo hapa hapa nyumbani. Zilizuka programu za mikopo kwenye simu. Unajaza jina, unakubali masharti usiyoyasoma, unapata elfu hamsini ndani ya dakika tano. Ukichelewa kurejesha, ujumbe unatumwa kwa watu waliomo kwenye simu yako: mkwe wako, imamu wako, bosi wako, kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kupiga marufuku majukwaa na programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Wengi walizungumzia riba, na walisema kweli, riba ni haramu kwa mkopo wa simu kama ilivyo haramu kwa mkopo wa dukani. Lakini mimi nataka tumtazame mtu mwingine asiyezungumzwa. Ile sehemu ya programu inayosoma majina yote kwenye simu ya mkopaji haikuota kama uyoga. Yupo aliyekaa kwenye kiti akaiandika. Huenda ni kijana mwenye shahada, anayeswali swala tano, aliyeambiwa na mwajiri wake kwamba tunataka programu isome namba zote, naye akaandika, akalipwa, akaenda kulala. Programu ikaamka kila siku kuwafedhehesha watu hali yeye amekwishasahau.

Kisu na karani

Hapa ndipo tunapouona udhaifu wa ule mfano wa mhunzi na kisu. Kisu hakina majina ya watu ndani yake. Kisu hakikai benki kikaamua nani akopeshwe, wala hakikai ofisini kikaamua nani ni raia. Na kisu kikiwekwa chini hakikati. Mfumo wa kompyuta unaendelea kukata baada ya aliyeutengeneza kuhama kazi, na wengine wameendelea kukatwa baada ya mtengenezaji kufa.

Kama tunataka mfano wa kweli, msomi wa kompyuta amefanana na karani. Na karani ametajwa katika Qur'an kwa urefu ambao wengi hatuutilii maanani. Aya ndefu kuliko zote katika Kitabu cha Allah ni aya ya 282 ya Suratul Baqara. Haikuzungumzia swala, wala hija. Inazungumzia kuandika deni. Ndani yake muna amri kwamba karani aandike kwa uadilifu, kwamba asikatae kuandika kama Allah alivyomfundisha, na kwamba yeye na shahidi wasidhuriwe.

Muna jambo jingine ambalo nililisoma mara nyingi, nikalifundisha darasani mara nyingi, na sikulielewa mpaka nilipotoka nyumbani kwa mama yule wa Makorora. Aya inaelekeza kwamba anayetoa maneno ya kuandikwa awe ni yule mwenye kudaiwa. Hakutajwa mwenye mali. Hakutajwa mwenye nguvu. Na ikiwa mdaiwa ni dhaifu au hawezi kusema, basi msimamizi wake aseme kwa niaba yake kwa uadilifu. Yaani yule ambaye maandishi yatasimama dhidi yake ndiye ambaye sauti yake lazima isikike ndani ya maandishi.

Pima mifano yetu kwa kipimo hicho. Wakala wa posta alidaiwa kwa maandishi asiyoweza kuyaona. Kijana wa Garissa aliandikwa akiwa mtoto, na alipopata sauti akaambiwa maandishi yamekwishafungwa. Mkopaji alisomwa simu yake bila kujua. Na Zuhura alikuja kwa miguu yake mwenyewe akasema "haya si yangu", nikamjibu kwa kumuonesha kioo.

Dhulma zote hizi zina mzizi mmoja: aliyeandikwa hakupewa kauli. Teknolojia ni mpya, mzizi ni wa zamani.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe, kama alivyopokea Ummu Salama katika Bukhari na Muslim, aliwatahadharisha watu waliokuwa wakipeleka kesi kwake, kwamba huenda mmoja akawa hodari wa kueleza hoja kuliko mwenzake, akahukumiwa ashinde, na akichukua kisichokuwa haki yake basi amechukua kipande cha moto. Ikiwa hukumu iliyotolewa na Mtume kwa ushahidi wa dhahiri haihalalishi haki ya mtu mwingine, vipi sisi tuhalalishe kwa kuwa tu "kompyuta ndivyo ilivyosema"?

Je, tuzichukie kompyuta?

Hapana, na wala sitaki nieleweke hivyo. Kalamu nayo ilidhulumu watu. Daftari lilichanwa ukurasa, jina likafutwa kwa wembe, faili likapotea mpaka mtu atoe kitu kidogo. Leo mama aliye kijijini anapokea fedha za mwanawe kwa simu bila kupanda basi, na mzazi anaona matokeo ya mtoto wake akiwa shambani. Hizo ni neema, na neema hushukuriwa.

Lakini ipo tofauti moja. Zama za kalamu kila mtu alijua kwamba mkono unaweza kukosea, kwa hiyo anayelalamika alipata angalau wa kumsikiliza. Karatasi iliyochapwa na mashine imetupora tabia ile ya kuuliza. Mama alimwamini mchapo akamkanusha mtoto wa tumbo lake. Mwalimu alikiamini kioo akamkanusha mwanafunzi wake anayemjua. Tumeambiwa katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tukiletewa habari tuihakiki ili tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Majuto yaliyotajwa humo mimi nimeyaonja.

Wala jambo hili si la masheikh peke yao. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA, iliyokuwa ikijibu maandishi kama mganga wa maradhi ya nafsi. Ilikuwa ni ujanja mdogo wa kumrudishia mtu maneno yake kwa sura ya swali. Akashangaa kuona watu wanaifungulia nyoyo zao. Katibu wake mwenyewe, aliyejua vizuri kuwa ile ni mashine, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha. Mshituko ule ulimfanya mwaka 1976 aandike kitabu kizima kueleza kwamba yapo mambo ambayo kompyuta haifai kukabidhiwa hata kama inayaweza. Huyo hakuwa mwanafalsafa aliyepotea njia akaingia darasa la kompyuta. Ni fundi aliyeiona kazi ya mikono yake ikifanya asichokitarajia. Leo ambapo wanafunzi wangu wanaiuliza akili mnemba mpaka masuala ya talaka na mirathi, namkumbuka sana.

Maswali matatu

Basi, mdogo wangu, hili ndilo jibu langu. Huwezi kujifunza kompyuta ukaacha "falsafa" yake, kama ambavyo tabibu hawezi kujifunza dawa akaacha mwili. Kabla hujaandika mfumo wowote unaohusu watu, jiulize maswali matatu tu. La kwanza, ni nani wanaoandikwa humu? La pili, wanaweza kuona walichoandikiwa? La tatu, mmoja wao akija akasema "si kweli", nani atamsikiliza, na ana uwezo wa kusahihisha?

Ukikosa jibu la swali la tatu, kazi hujaimaliza, hata kama programu inafanya kazi na mwajiri ameridhika.

Najua utasema kwamba wewe ni mwajiriwa tu, ukikataa ataajiriwa mwingine. Ni kweli kwamba mzigo hauko sawa. Mwenye kuamuru ana mzigo mkubwa kuliko mwenye kutumwa. Lakini unao uwezo ambao bosi wako hana: wewe unajua ndani ya mashine muna nini. Unaweza kusema mapema kwamba hapa pana kasoro. Huko Uingereza wapo waliozijua kasoro mapema wakanyamaza, na kunyamaza kwao kuliingia kwenye hesabu ya jela za watu. Kuna mahali utaombwa uandike na utapaswa kusema hapana, kama ile ya kusoma majina ya watu kwenye simu zao. Riziki haikatwi na mwajiri.

Sisi wengine nasi tusikwepe. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa Mtanzania haki ya kujua taarifa zake zilizohifadhiwa na kutaka zisahihishwe zikiwa na kosa. Ni wangapi kati yetu wanaijua? Shule zetu, madrasa zetu, zahanati na misikiti yetu inayoandikisha mayatima na wajane kwenye kompyuta, tumeweka utaratibu gani wa mjane kuja kusema "hapa mmenikosea" bila ya kufukuzwa mlangoni? Na vyuo vinavyolipa somo hili saa moja kwa wiki, tena la jioni, na kulikabidhi kwa mwalimu yeyote aliyekosa kipindi, vinategemea kijana alione ni la maana kwa dalili gani?

Kuhusu Zuhura, nililipa ada ya muhula ule kwa mshahara wangu, nikamwandikia mfadhili barua ya kukiri kosa, akarudishwa. Alimaliza kidato cha nne mwaka mmoja baada ya wenzake. Siku ya mahafali alinisalimia vizuri, kwa tabasamu. Ada inarudishika, na mwaka pengine nao hufidika. Lakini fimbo ile sijui kuirudisha, na wala yeye hajawahi kuniambia kama amenisamehe. Nami sijathubutu kumuuliza.

Kijana wangu atarudia mtihani wake mwezi Septemba. Nimemwambia asitafute desa. Nimempa aya ya 282 ya Suratul Baqara, nikamwambia aisome polepole kama mtu anayesoma maelezo ya kazi aliyoajiriwa.

Allah atujaalie tuwe makarani waadilifu. Wallahu a'lam.